Dawa ya minyoo kwa nguruwe: sindano, ya kwenye chakula au ya kunywesha? Angalia kwanza anachokula

Nguruwe wawili wana uzito sawa, wamepewa dawa moja, dozi moja, siku moja. Mmoja anatoa minyoo na kuanza kunawiri. Mwingine, wiki tatu baadaye, bado manyoya yamemsimama na kinyesi chake kikipimwa kimejaa mayai. Lawama ya kwanza huangukia dawa: ni feki, imeisha muda, minyoo wameizoea. Yote hayo yanawezekana. Ila kuna swali ambalo dukani huulizwa mara chache sana: huyo nguruwe anakula nini, na dawa ilipofika tumboni ilikuta nini?

Ulinganisho huu ni wa mfugaji aliyesimama mbele ya kaunta ya duka la dawa za mifugo akiwa na fedha ya dawa moja tu. Kwenye rafu kuna ivermektini ya sindano, unga wa fenbendazoli, albendazoli ya kunywesha, levamisoli, piperazini, na kwa bahati nzuri oksfendazoli. Zote zimeandikwa kuwa ni dawa za minyoo, lakini hazifanani. Kwa mfugaji mdogo wa Mbeya, Songwe, Busia au Masaka, anayelisha pumba leo na machicha kesho, tofauti kubwa kati yao huonekana zinapokutana na kile kilichomo kwenye hori.

Mnyoo yuko wapi?

Watu wengi hudhani dawa ikifyonzwa sana ndiyo nzuri. Si lazima. Inategemea unamlenga nani na anaishi sehemu gani ya mwili.

Minyoo wakubwa wa duara, wale weupe unaowaona kwenye kinyesi, wakishakomaa wanakaa ndani ya utumbo mwembamba, wakiogelea humo kwenye chakula. Dawa ambayo haikufyonzwa, iliyobaki utumboni, inawafikia vizuri tu. Lakini kabla ya kufika hapo, wadogo zao hupenya ukuta wa utumbo, wakapita kwenye ini na kuacha yale madoa meupe yanayomfanya mkaguzi wa nyama alitupe, kisha wakaingia mapafuni na kumfanya nguruwe akohoe. Hao huwapati bila dawa kuingia kwenye damu. Minyoo wa vinundu wanakaa utumbo mpana, na wachanga wao hujificha ndani ya ukuta wa utumbo. Minyoo wa mjeledi nao wapo utumbo mpana, ila wamechomeka sehemu ya mbele ya mwili ndani ya ukuta, nusu ndani nusu nje, na ndiyo maana ni wabishi kwa dawa nyingi. Minyoo wa mapafu wako kwenye njia za hewa. Nguruwe huwapata kwa kula nyungunyungu anapofukua ardhi. Tegu, mnyoo bapa, vifuko vyake viko kwenye misuli na ubongo. Chawa na vimelea vya ukurutu wako kwenye ngozi.

Kwa hiyo ukilenga minyoo wakubwa tu, dawa isiyofyonzwa sana inatosha. Ukilenga lava (minyoo wachanga) wa mapafuni, au tegu, kila kinachopunguza ufyonzwaji kinakuibia.

Chakula kinavyoishughulikia dawa

Dawa za jamii ya bendazoli (albendazoli, fenbendazoli, flubendazoli, pamoja na ndugu yao oksfendazoli) zina tabia moja ya msingi: haziyeyuki vizuri kwenye maji. Koroga unga wa fenbendazoli ndani ya ndoo, ondoka kidogo, ukirudi utaukuta umetuama chini. Tumboni ni vivyo hivyo. Chembe ya dawa lazima iyeyuke kwanza, na asidi ya tumbo ndiyo inayoisaidia, ndipo iweze kupita kwenye ukuta wa utumbo. Chembe ambayo haijayeyuka inasafiri na chakula hadi inatoka kwenye kinyesi.

Sasa ng'ombe, mbuzi na kondoo wana tumbo kubwa la kwanza ambalo hushikilia dawa na kuiachia kidogo kidogo, siku moja, siku mbili. Nguruwe hana ghala hilo. Tumbo lake ni moja, kama letu, na dawa hupita mapema. Hapo ndipo ulipo msingi wa ushauri ninaoupigania kuliko wote: kwa nguruwe, bendazoli iliyogawanywa kwa siku kadhaa hufanya kazi kuliko ile ile iliyotolewa kwa mkupuo. Bendazoli humuua mnyoo polepole kwa kumzuia asitumie sukari. Anahitaji kukaa nayo. Ukimpa nguruwe dozi kubwa mara moja kisha ikapita mbio, mnyoo anapata msukosuko tu halafu anaendelea na maisha.

Mafuta ya chakula yanavuta upande mzuri. Chakula chenye mafuta huchelewesha tumbo kumwaga kilichomo na huita nyongo, na nyongo huzibeba dawa zisizopenda maji. Kwa binadamu jambo hili limepimwa vizuri: albendazoli ikimezwa na mlo wenye mafuta mengi, kiasi kinachoonekana kwenye damu huongezeka hadi mara 5 kuliko ikimezwa tumbo tupu, na ivermektini ya kumeza huongezeka kama mara 2.5. Usichukue namba hizo ukazibandika kwa nguruwe, ila tumbo lake linafanana na letu vya kutosha kujua upepo unavuma kuelekea wapi. Nguruwe anayekula mashudu ya alizeti yaliyokamuliwa kwa mashine ya mtaani, ambayo hubaki na mafuta mengi, yuko kwenye nafasi nzuri kuliko wa pumba kavu na majani.

Nyuzinyuzi zinavuta upande wa pili. Pumba nyingi, machicha na majani makavu hujaza utumbo na kuharakisha mwendo wa chakula, na chembe za dawa hunaswa katikati ya makapi hayo. Dawa inafika utumbo mpana ikiwa imefyonzwa kidogo. Kwa minyoo wa vinundu na mjeledi wanaoishi huko, hilo lina nafuu yake, maana dawa inawafuata nyumbani. Kwa lava wa mapafuni ni hasara tupu.

Nyuzinyuzi pia zinawagusa minyoo wenyewe, hata bila dawa. Watafiti wa Denmark walionyesha kwamba nguruwe waliolishwa nyuzinyuzi ngumu zisizomeng'enywa walibeba minyoo wa vinundu wengi zaidi, na wenye kutaga zaidi, kuliko waliolishwa nyuzinyuzi laini zinazochachuka utumboni, hasa inulini ya mizizi ya chikori. Uchachukaji ule huongeza asidi kwenye utumbo mpana na kuwaharibia minyoo makazi. Kwa mfugaji wa pumba habari hii ni nzito, kwa sababu lishe inayodhoofisha dawa yake ndiyo hiyo hiyo inayowapa minyoo wa utumbo mpana raha.

Halafu kuna vitu vinavyoikamata dawa moja kwa moja. Mkaa ni wa kwanza. Wafugaji wengi huwarushia nguruwe mkaa wanapoharisha, na una faida yake, lakini mkaa huzishika dawa za kumeza na kuzuia zisifyonzwe. Ndiyo maana mahospitalini mkaa maalumu hutumika kuokoa mtu aliyemeza sumu. Siku za dawa ya minyoo, mkaa usionekane bandani. Udongo wa mfinyanzi na zile poda za kushika sumu ya ukungu wa mahindi nazo ziweke kando siku hizo. Zimetengenezwa kushika vitu tumboni, hazina macho ya kuchagua.

Ivermektini ya sindano na fenbendazoli ya kwenye chakula

Hapa ndipo uamuzi wa wengi ulipo, basi tukae hapa kidogo. Tumchukue nguruwe mmoja na tumpigie hesabu.

Mfugaji wetu hana mzani. Chukua futi kamba ya fundi cherehani, mzungushe kifuani nyuma ya miguu ya mbele: tuseme mita 1. Pima mgongoni kutoka katikati ya masikio hadi mwanzo wa mkia: mita 1.10. Zidisha mzunguko kwa mzunguko, zidisha kwa urefu, zidisha kwa 69.3. Unapata kilo 76. Pima akiwa amesimama ametulia, kichwa kikitazama mbele, akiinamia chakula vipimo vinapotea.

Ivermektini ya sindano ya asilimia 1 hutolewa ml 1 kwa kila kilo 33, chini ya ngozi ya shingo, nyuma ya sikio. Kwa huyu wetu ni ml 2.3. Baada ya hapo, alichokula asubuhi hakina la kusema. Dawa inatoka kwenye ngozi kwenda kwenye damu, inazunguka mwili mzima, inafika mapafuni na kwenye ngozi, kisha hutolewa kwa wingi kupitia nyongo, ikaingia utumboni na kuwakuta minyoo kwa njia hiyo. Ni dawa moja inayopiga minyoo wa duara, minyoo wa vinundu, minyoo wa mapafu, chawa na ukurutu. Nguruwe mnyonge aliyesukumwa pembeni ya hori anapata sawa na mbabe. Aliyekataa kula kwa homa, naye anapata.

Udhaifu wake upo wazi. Minyoo wa mjeledi waliokomaa haiwamalizi vizuri. Tegu haimgusi kabisa. Na ingawa mlo wa siku hiyo hauiathiri, hali ya mwili inaiathiri, kwa sababu ivermektini hupenda mafuta: unene au ukondefu wa nguruwe hubadilisha muda inaokaa mwilini.

Lipo pia jambo la sindano yenyewe, nalo nalisema kwa uchungu kwa sababu ya hasara ninazoziona mitaani. Sindano moja inayozunguka banda zima, au mbaya zaidi inayotoka banda la jirani, inaweza kubeba homa ya nguruwe ya Afrika. Ugonjwa huo hauna tiba, na unaua karibu wote. Kama mtoa huduma anakuja na sindano aliyoitumia kwingine, bora akuachie minyoo wako. Nunua zako, na ubadilishe kwa kila nguruwe kadiri mfuko unavyoruhusu, angalau kwa kila chumba cha banda.

Upande wa pili, fenbendazoli. Dozi inayotumika sana ni mg 5 kwa kilo mara moja, au jumla ya mg 9 kwa kilo iliyogawanywa kwa siku 3. Nachagua ya siku 3 bila kusita, kwa sababu zile zile za tumbo moja na mwendo wa haraka. Kwa kilo 76 ni mg 3 mara 76, yaani mg 228 kwa siku. Ukiwa na unga wa asilimia 4, ambao kila gramu ina mg 40 za dawa, ni gramu 5.7 kila siku. Kipimo hicho cha siku 3 kinapiga minyoo wa duara pamoja na lava wao walioko kwenye ini na mapafu, minyoo wa vinundu, na wale wabishi wa mjeledi. Ni salama mno. Hata nguruwe mwenye mimba huivumilia vizuri. Haina kazi kwa chawa wala ukurutu.

Na huku chakula kina sauti kubwa. Nguruwe 10 wa kilo 76 wanahitaji gramu 57 za unga huo kwa siku. Ukizimwaga juu ya debe za pumba na kugeuza kwa koleo mara mbili, kona moja ya hori itakuwa na dawa ya nguruwe wanne na nyingine itakuwa pumba tupu. Changanya kwanza na kilo 1 ya chakula laini kwenye beseni mpaka rangi iwe moja, kisha kilo hiyo iingie kwenye 5, na 5 ziingie kwenye chakula kilichobaki. Jioni ya kuamkia siku ya kwanza wape kidogo, ili asubuhi wale bila kubagua. Weka dawa kwenye nusu ya mlo wa asubuhi badala ya mlo mzima, kwa kuwa njaa ya asubuhi ndiyo inayomaliza hori. Kila nguruwe wa ukubwa huo apate kama sentimita 30 za hori, la sivyo mbabe atakula dawa ya wawili na mnyonge atalamba mbao.

Chakula cha siku hizo tatu kiwe cha aina gani? Kisagwe vizuri kiasi, kisiwe cha majani wala machicha matupu, na kiwe na mafuta kidogo: mashudu, dagaa, au hata vijiko kadhaa vya mafuta ya kupikia kwenye beseni la kuchanganyia. Mafuta hayo yana kazi mbili, yanashikisha unga usipeperuke na kubaki chini ya hori, na yanaisaidia dawa tumboni.

Nikiulizwa nichague moja tu kati ya hizi mbili kwa banda la nguruwe 3 au 4 wanaolishwa chochote kinachopatikana, nachagua sindano. Lishe yao haitabiriki na sindano haijali. Kwa banda la nguruwe 20 wanaokua, wa rika moja, wanaokula chakula kilichopangwa, fenbendazoli ya siku 3 inashinda, hasa kama kuna kuharisha kulikochanganyika na kamasi na damu, dalili inayoelekeza kwa minyoo wa mjeledi. Ukurutu ukiwapo, mizani inarudi kwa ivermektini.

Kuna pia ivermektini ya kuchanganya kwenye chakula, mikrogramu 100 kwa kilo kila siku kwa siku 7. Inafanya kazi, lakini kwa mfugaji mdogo naiona imechukua mzigo wa pande zote mbili: inategemea hori kama fenbendazoli, inamwacha mnyoo wa mjeledi kama ivermektini ya sindano, na ikimezwa hufyonzwa kwa kiasi kidogo kuliko ikichomwa.

Levamisoli na piperazini

Hizi zinayeyuka kwenye maji, na hilo ndilo linalozipendeza kwa mwenye mfumo wa maji bandani. Chakula hakizisumbui sana kama kinavyozisumbua bendazoli. Levamisoli hufyonzwa haraka, inafika mapafuni, na ni nzuri kwa minyoo wa mapafu. Ila nafasi kati ya dozi na sumu ni finyu: nguruwe aliyezidishiwa anatokwa mate, anatetemeka, anatapika, na akitapika dawa nayo imekwenda. Uzito ukadiriwe kwa kamba, si kwa jicho.

Piperazini inafanya kazi ndogo kwa bei ndogo. Inawalegeza minyoo wakubwa wa duara na wa vinundu waliokomaa, wanasukumwa nje wakiwa hai. Lava haiwagusi, mjeledi haimgusi. Kwa kuwa minyoo wanatoka kwa kusukumwa, nguruwe mwenye choo kigumu hafaidi sana. Hapa, tofauti na kote kwingine, pumba za kulainisha choo zinasaidia. Kwa kuwa lava walioko mwilini hubaki na kukomaa, lazima urudie.

Tegu: oksfendazoli, na kwa nini albendazoli haitoshi

Mahali ambapo nguruwe wanafungiwa msimu wa kilimo na kuachiwa baada ya mavuno, kama ilivyo katika vijiji vingi vya Nyanda za Juu Kusini na Mbulu, mjadala wote wa juu unapungua uzito mbele ya tegu. Nguruwe anayezurura na kula kinyesi cha binadamu mwenye tegu anaota vifuko vyeupe vyenye maji kwenye misuli, ulimi na ubongo. Mtu akila nyama hiyo isiyoiva anapata tegu wa tumboni. Mayai ya tegu huyo yakiingia kinywani mwa mtu, kwa mikono michafu au mboga, vifuko vinaota kwenye ubongo wa mtu na kuleta kifafa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika maeneo yenye tegu, karibu asilimia 30 ya kifafa kinatokana naye. Ni watoto wa shule na akina mama wanaoangukia motoni jikoni. Kwa hiyo hapa uchaguzi wa dawa ya nguruwe ni suala la afya ya jirani.

Dawa yenye ushahidi mzuri ni oksfendazoli, mg 30 kwa kilo, mara moja tu, kwa mdomo. Utafiti wa mwanzo ulifanyika Peru katika miaka ya 1990, na baadaye dawa ikajaribiwa Afrika, Tanzania ikiwemo. Inaua karibu vifuko vyote vya kwenye misuli. Vya kwenye ubongo wa nguruwe havifi vyote.

Sasa linganisha na fenbendazoli. Ini la nguruwe likipata fenbendazoli huigeuza kuwa oksfendazoli. Utajiuliza, si ni kitu kile kile? Tatizo ni kiasi. Fenbendazoli inayofyonzwa kutoka utumboni ni sehemu ndogo ya iliyomezwa, na dozi yake tayari ni ndogo; kinachofika kwenye msuli ni kidogo mno kwa mkupuo mmoja. Oksfendazoli inaingia moja kwa moja na kwa dozi kubwa, mara 6 ya ile mg 5 kwa kilo wanayopewa kondoo. Dozi kubwa namna hiyo ndiyo inayofidia kile ambacho lishe na mwendo wa tumbo vinakula njiani.

Albendazoli nayo huuzwa kila kona, na wengi huinywesha wakidhani inafunika kila kitu. Dozi ndogo inayopewa kwa minyoo wa tumbo haitoshi kwa tegu, na nguruwe mwenye mimba changa asipewe, kwa maana inaweza kudhuru vitoto tumboni.

Angalia sana ujazo. Nguruwe wetu wa kilo 76 anahitaji mg 2,280 za oksfendazoli. Kwenye dawa ya asilimia 10 hiyo ni ml 23 hivi, anameza kwa bomba la kunyweshea bila tabu. Kwenye ile ya ng'ombe na kondoo ya asilimia 2.265 ni ml 100 hivi. Kumlazimisha nguruwe anayepiga kelele ameze ml 100 ni kumhatarisha: nusu inamwagika, na nyingine inaweza kuingia mapafuni na kumuua. Usiinue kichwa chake juu sana, pitisha bomba pembeni ya mdomo, subiri ameze. Mpe siku ambayo hajashiba majani, na bila mkaa wala udongo kwenye hori.

Baada ya dawa, nyama haiwi safi kesho yake. Vifuko vilivyokufa huchukua kama miezi 3 kuyeyuka na kuiacha nyama safi. Mfugaji anayetaka kuuza Desemba ananywesha mwanzoni mwa Septemba, na kuanzia siku hiyo nguruwe hatoki bandani. Pia kila dawa niliyoitaja hapa ina siku zake za kusubiri kabla ya kuchinja. Zimeandikwa kwenye chupa na hutofautiana kati ya mtengenezaji na mtengenezaji. Zisome kabla ya kulipa, si baada ya mnunuzi wa kitimoto kufika na pikipiki.

Ukilisha hiki, elekea huku

Chakula kamili cha kununua au cha kuchanganya kwa kipimo: una uhuru wa kuchagua, na fenbendazoli ya siku 3 ndiyo ningeanza nayo. Kama chakula chako kina poda ya kushika sumu ya ukungu, tengeneza cha siku 3 kisichokuwa nayo.

Pumba na majani kwa wingi: sindano kwa minyoo ya kawaida. Ukilazimika kutumia fenbendazoli, badilisha lishe kwa siku hizo tatu, na baada ya siku 14 peleka kinyesi kwa afisa mifugo kipimwe mayai. Kama mayai bado ni mengi licha ya lishe nzuri na dozi sahihi, hapo ndipo lawama ihamie kwa dawa. Usugu wa minyoo wa vinundu kwa dawa si hadithi. Denmark waliuona tangu miaka ya 1980, na dozi pungufu za mara kwa mara ni mojawapo ya njia za kuuzalisha. Lishe inayopunguza ufyonzwaji ina maana minyoo wako wanaonja dawa bila kufa.

Machicha ya bia au ya pombe ya kienyeji: yana maji mengi na nyuzinyuzi, na nguruwe hula ujazo mkubwa. Usichanganye dawa humo kamwe. Itazama, itabaki kwenye maji ya chini, na utaimwaga unapoosha hori.

Mabaki ya hoteli: yana mafuta, kwa hiyo kwa upande wa ufyonzwaji ni mazuri kuliko pumba. Lakini kiasi cha mafuta hubadilika kila siku, leo ugali mtupu na kesho mabaki ya karamu. Sindano itakupa matokeo yanayofanana. Yachemshe mabaki hayo, kwa sababu vipande vya nyama ya nguruwe ndani yake ni njia nyingine ya homa ya nguruwe kuingia bandani.

Wanaozurura: oksfendazoli kwa tegu na ivermektini kwa chawa, ukurutu na minyoo wa mapafu. Anayefukua shambani anameza nyungunyungu kila siku, na sindano moja kwa mwaka haimtoshi.

Nguruwe anayekaribia kuzaa

Huyu anahitaji kusemwa peke yake. Siku za mwisho za mimba wafugaji wengi, na kwa sababu nzuri, hupunguza chakula cha nafaka na kuongeza pumba ili asifunge choo. Ndiyo lishe ile ile inayoiharakisha na kuinasa dawa ya kumeza. Akishazaa, siku mbili tatu za mwanzo anakula kidogo sana, kwa hiyo dawa ya kwenye chakula inabaki horini. Kama mpango wako ni fenbendazoli, imalize kabla hujaanza kubadilisha lishe hiyo. Kama umechelewa, mchome ivermektini siku 7 hadi 14 kabla ya kuzaa. Kwa wakati huo ina faida ambayo unga hauna: inawapunguza minyoo-uzi wanaopita kwenye maziwa na kuwaharisha vitoto tangu wiki ya kwanza, na inamwondolea mama ukurutu kabla hajaugusisha kwa watoto.

Siku ya kumhamishia chumba cha kuzalia, mwoshe tumbo, chuchu na kwato kwa maji ya vuguvugu, sabuni na brashi. Mayai ya minyoo wa duara hunata kwenye ngozi, hustahimili dawa nyingi za kusafishia banda, na huweza kuishi ardhini kwa miaka. Hakuna dawa ya kumeza wala ya kuchoma inayoyafikia hapo nje, na kitoto kikinyonya chuchu chafu kinaanza nayo siku ya kwanza.